Robo Isiyoiva

Bi Somoe alikuja kwangu Jumanne iliyopita kuniomba radhi, na mimi nikampa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo baya kuliko yote nitakayoyasimulia hapa, na nikiliacha mwisho, najijua, nitatafuta namna ya kulipamba. Alibisha hodi saa nne asubuhi, mama wa miaka sitini na kitu, baibui limepigwa pasi, mkononi kifuko cha korosho alizozikaanga mwenyewe. Sikumtambua mpaka alipocheka. Tulikuwa hatujaonana karibu miaka thelathini, tangu mwaka ule mmoja nilipokuwa bibi shamba wa kijiji chao huko bonde la Ruvuma, na yeye akiwa mkulima wangu bora kuliko wote. Akavua viatu mlangoni ingawa nilimkataza, akaketi, akaniuliza habari za kustaafu na kurudi Mtwara, nikamwuliza habari za magoti. Kisha akaniambia kwamba mdogo wake anayefanya kazi bandarini amempatia nafasi ya kwenda hija, na kwamba mtu hapandi ndege kwenda Maka huku ana haki za watu shingoni. Alikuwa amezunguka kwa kila aliyewahi kumkosea, hata jirani aliyegombana naye kwa sababu ya kuku. Nilikuwa nimebaki mimi.

"Bibi Shamba, mwaka ule nilikuharibia kazi yako," alisema. "Ulikuwa binti mdogo, umeletwa na serikali, wakubwa wako wakaja na magari kuangalia, wakakuta nyanya zimekataa kuiva kwa sababu yangu mimi. Wala hukunigombeza hata siku moja. Nisamehe kwa ajili ya Mungu."

Nafasi ya kusema ilikuwa pale, imeletwa mpaka sebuleni kwangu. Nikasema, "Nimekusamehe, dada." Akanishukuru, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akanywa chai vikombe viwili na chapati, akaondoka akitembea kwa wepesi ambao hakuja nao. Mimi nilibaki jikoni nikiosha kikombe chake muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji. Hakunikosea kitu. Mimi ndiye niliyemkosea, na nilikuwa nalijua hilo tangu mwaka ule ule, wiki ile ile.

Ya kuzaliwa kwangu Songea na ya wazazi wangu nimeyaacha, hayana hatia katika jambo hili. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka chuoni Morogoro na alama nzuri na kiburi kinacholingana nazo, nikapangiwa Mtwara. Nilipanga chumba Mtawanya, nyumba ya mwisho kabla ya mikorosho. Kilikuwa chumba cha futi kumi kwa kumi: kitanda, meza moja, jiko la mafuta ya taa chini ya meza, na dirisha la nondo ambalo ukingo wake niliutumia kama maabara. Pale dirishani niliweka nyanya kumi nilizozivuna kwenye kitalu changu nyuma ya nyumba, nyanya za mbegu chotara niliyopewa kwa majaribio, nikazitazama. Zilikaa siku kumi, zikakaa wiki tatu, nyekundu, ngumu, hazinywei. Nyanya zilizoliwa Mtwara siku hizo zilitoka Iringa kwa malori, juu ya barabara ambayo masika ilikuwa inakatika kabisa, na zikifika sokoni Chikongola nusu ya tenga ni maji. Kwa hiyo nyanya inayokaa wiki tatu haikuwa jambo dogo. Mama mwenye nyumba alikuwa akipita dirishani asubuhi, anaibonyeza moja kwa kidole, anasema, "Hii si nyanya, hii jiwe," na jina likabaki hilo. Nilikuwa nikizila zenyewe jioni, na ugali wa mhogo na dagaa, nazikata kwa kisu vipande visivyomwaga maji, nikijiona mtu atakayeubadilisha mkoa.

Kijiji chenyewe kilikuwa bondeni, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki ya idara kama hakuna tope, mahali ambapo Ruvuma unakaribia bahari na maji yake yanaanza kuonja chumvi wakati wa kiangazi. Mto ukishuka baada ya mvua unaacha udongo mweusi, na wanawake wanalima mpunga kwanza kisha mboga. Nilikuta kikundi cha wanawake kumi na wawili, mwenyekiti wao Bi Hadija, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mzuri ambaye aliponisikia natoka Songea alipiga makofi. "Mungu katuletea ntani!" alisema kwa matamshi ya kwao. Mimi Mngoni, wao karibu wote Wamakonde, na kati ya makabila yetu kuna utani wa tangu enzi za mababu waliopigana. Mtani anakuambia lolote na hukasiriki. Mwaka ule wote nilikuwa nikipokewa kwa matusi ya mapenzi, naitwa mla panya, naambiwa babu yangu alikimbia akaacha ngao, na mimi nilikuwa nayarudisha. Nilipenda sana. Mgeni aliye mpweke hupata nyumba upesi kwenye utani, na baadaye nitasema nilivyoitumia nyumba hiyo kujificha.

Somoe alikuwa na miaka thelathini na kitu. Hakuwa mwongeaji, ila macho yake yalikuwa yanaona. Yeye ndiye aliyeniambia, wiki yangu ya kwanza, kwamba upande wa mashariki wa bonde unyevu unakauka siku nne kabla ya upande wa magharibi, jambo ambalo mimi na vipimo vyangu tulichukua miezi miwili kulithibitisha. Kwa hiyo nilipotaka shamba darasa, nilichagua lake. Na nilipotaka mtu wa kutunza kitalu cha miche ya kikundi kizima, nilichagua uani kwake, kwa sababu alikuwa anamwagilia asubuhi na jioni bila kukumbushwa.

Mbegu ndiyo ilikuwa tatizo. Nilikuwa nimewaahidi wanawake mbegu ya nyanya jiwe, na nimemwahidi mkuu wangu wa kazi sherehe ya siku ya wakulima yenye wageni kutoka mkoani. Mbegu ikakwama njiani pamoja na malori mengine yote, mvua zimeikata barabara. Siku za kusia zikawa zinapita. Basi nikachukua nyanya zangu mwenyewe, zile za nyuma ya nyumba na zile za dirishani, nikazikamua kwenye bakuli, nikaziacha zichachuke siku tatu, nikaziosha mbegu na kuzianika juu ya gazeti chini ya kitanda. Nilizitia kwenye bahasha ndogo za kaki, nikaandika jina la mbegu kwa mwandiko wangu mzuri wa chuoni. Nilipofika bondeni, Bi Hadija akauliza zimetoka wapi, nikajibu, "Arusha." Sikuona kuwa ni uongo mkubwa. Chuoni tulifundishwa kwamba mbegu ya chotara hairudiwi, lakini nilidhani tatizo lake ni mavuno kupungua kidogo, na kidogo nani atakiona.

Niieleze hapa kwa maneno ya kawaida, maana bila hili hakuna atakayeelewa ukubwa wa nililofanya. Kila mche hubeba maagizo mawili ya kila jambo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Kuna agizo la rangi ya nyama ya tunda, kuna agizo la rangi ya ngozi, na juu ya hayo kuna agizo moja kubwa linaloamrisha yote yaanze: iva sasa, lainika, badilika rangi. Waliotengeneza chotara ile walichukua mzazi mmoja mwenye agizo zima na mwingine ambaye agizo lake limekufa, mmea ambao matunda yake hayaivi kabisa. Mtoto wao anapata moja zima na moja lililokufa. Lile zima linatosha kumfanya awe mwekundu, lakini linafanya kazi polepole, ndiyo maana nyanya yake inakaa wiki tatu dirishani. Uzuri wote ule ulikuwa nusu ya ugonjwa. Sasa ukipanda mbegu za huyo mtoto, nyanya hujichavusha yenyewe, maagizo yanagawanywa upya. Katika wajukuu wanne, mmoja anapata mazima mawili, anaiva haraka kama nyanya ya kawaida. Wawili wanakuwa kama mzazi. Na mmoja anapata yaliyokufa yote mawili. Huyo anakua, anazaa matunda makubwa mazuri, mbegu zinakomaa ndani, na kwa nje tunda linabaki kijani, mwishoni linakuwa na manjano iliyopauka, na linakaa hivyo mpaka lioze kwa uzee. Swali hili lilikuwa kwenye mtihani wangu wa mwisho. Nililijibu vizuri.

Mume wa Somoe alikufa mwezi wa tano, homa ya siku tano. Mimi Mkatoliki wa Songea sikujua eda ni nini zaidi ya neno. Nilielezwa msibani: mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, haendi kutembea, anamkalia mumewe heshima yake ya mwisho. Nikaitikia kwa kichwa, na kichwani nikawa nahesabu umri wa miche. Kitalu kilikuwa uani kwake. Wiki ya tatu ya eda yake miche ilikuwa imepitiliza, imeanza kurefuka na kulala. Wenzake walikuwa kwenye kuvuna mpunga uliochelewa, kila mmoja akisema kesho. Nilikwenda mchana mmoja nikakuta wanawake wawili wazee uani wakimenya mihogo, wakanikaribisha ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, na chumvi iliyotwangwa na pilipili, nikala nikiwasikiliza. Mmoja alikuwa anasema Bi Hadija hana jinsi, kipande cha bondeni kisichopandwa msimu huu atapewa mwingine, ndiyo kanuni, hata kama ni cha mfiwa. Alisema kwa huruma. Mimi nikalichukua neno lile nikaingia nalo ndani.

Chumba cha Somoe kilikuwa na giza la mchana, dirisha limezibwa kwa gunia. Aliketi kwenye mkeka, amejitanda shuka jeupe, mtungi wa maji pembeni, viatu vya marehemu bado chini ya kitanda cha kamba. Nilimwambia kuhusu miche.

"Mtani, mimi nimo ndani," alisema taratibu. "Siku zangu bado nyingi."

"Ni mchana, dada. Saa mbili tu. Unang'oa miche, unawagawia wenzako, unapanda yako, unarudi."

"Ngoja kwanza shemeji arudi nimuulize. Yuko Mtwara."

"Anarudi lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa miche imekufa," nikasema. "Na nimesikia kipande chako kitapewa ntu mwingine." Nililisema neno hilo kwa matamshi yao, kama utani, ili lisionekane ni kitisho. Kisha akainuka, akajifunika shuka mpaka kwenye nyusi, akatoka. Wale wazee wawili waliacha kumenya. Alipita katikati yao bila kuinua macho, akaenda kuinama kwenye kitalu, na miche yote ya kikundi kizima, mche kwa mche, ikapita mikononi mwake. Tulipopeleka yake bondeni nilimshika mkono kumvusha mfereji. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na mimi nilikuwa na furaha, nakumbuka wazi, nilikuwa na furaha kwa sababu mistari ilinyooka.

Nyanya zilianza kuiva mwezi wa tisa, na mwanzoni tulishangilia. Mche wa kwanza mwekundu, wa pili mwekundu. Wiki mbili baadaye tuliona kwamba mingine imesimama. Matunda yamejaa, yanang'aa, na hayabadiliki. Si kwa Somoe peke yake, kwa wote kumi na wawili. Wanawake walifanya yote wanayoyajua. Walipunguza maji, waliongeza jivu. Bi Hadija alizifukia kwenye chungu pamoja na ndizi mbivu, kama tunavyoivisha ndizi kwa ndizi, maana tunda bivu hutoa pumzi inayoamsha lile bichi. Siku ya sita akafungua chungu mbele yetu. Ndizi zilikuwa zimekuwa nyeusi na nyanya ziko vile vile. Nilijua kwa nini, hata kabla sijakaa kufikiri: pumzi inaita, lakini kule ndani hakuna wa kuitika. Bi Hadija alilitazama lile tunda, akalirudisha kwenye chungu kwa vidole viwili, akaenda kunawa.

Nilirudi Mtawanya mchana ule ule, nikafungua daftari la chuo juu ya meza, nikachora mraba wa vyumba vinne ambao kila mwanafunzi wa kilimo anaujua. Vyumba vitatu vinaiva, kimoja hakiivi. Nilikuwa nimehesabu miche ya mistari mitatu bondeni, na iliyokataa ilikuwa karibu mmoja katika kila minne. Nikafunga daftari. Nilikaa kitandani pale ambapo chini yake nilizianika zile mbegu, na nilichofikiria kwanza, nakiri, hakikuwa Somoe. Nilifikiria bahasha za kaki zenye mwandiko wangu, na mkuu wangu wa kazi akizishika.

Mazungumzo yalikuwa yameshaanza kabla yangu. Niliyasikia nikiwa nyuma ya ukuta wa makuti wa choo cha shule, wanawake wawili wakichota maji bombani.

"Ile miche aliishika nani?"

"Si unajua."

"Na marehemu hata arobaini yake ilikuwa haijafika."

"Eda si jambo la kuchezea. Sasa kaona. Nyanya zimesimama kama alivyotakiwa kusimama yeye."

Mwalimu wa madrasa, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwaambia wazi kwamba mjane mwenye dharura kutoka mchana kwa riziki yake hana kosa, na kwamba nyanya hazina habari na eda. Wakamwitikia kwa adabu, wakaendelea na yao. Alikuwa amempa Somoe haki yake lakini hakuwa na jibu la swali lao, kwamba kama si eda, ni nini. Jibu nilikuwa nalo mimi.

Somoe alimaliza eda yake mwisho wa mwezi ule. Siku ya kwanza kutoka alikuja bondeni asubuhi na vitambaa alivyochana kwenye kanga ya zamani, akafunga kimoja kwenye kila mche uliokataa. Aliponiona alinyooka. Hakunisalimia kwa utani.

"Bibi Shamba, hebu tazama. Kama ni laana, mbona inachagua? Huu mwekundu, huu mwekundu, huu mwekundu, huu umekataa. Twende mbele. Huu umekataa, huu mwekundu, mwekundu, mwekundu. Maji ni yale yale. Udongo ni ule ule. Miche yote niliishika kwa mkono huu huu." Alinyoosha mkono. "Wewe umesoma. Niambie, kosa ni langu?"

Nimeandika ripoti nyingi maishani, nimehutubia mikutano, sijawahi kuulizwa swali zuri kama lile. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa ameutandaza ule mraba wa vyumba vinne ardhini kwa vitambaa vya kanga, alikuwa amebakiza hatua moja tu, na hatua hiyo ilikuwa mimi.

"Sijui, dada," nikasema. "Labda ni chumvi ya mto."

Alinitazama kidogo. Chumvi haichagui mche na mche, alijua hilo kuliko mimi. Lakini aliyesoma amesema hajui, basi likabaki lile moja walilolijua wenzake. Nilimwona akilipokea. Mabega yalishuka, akainama, akaanza kufungua vile vitambaa kimoja kimoja, akavikunja, akavichomeka kiunoni. Nadhani ndiyo siku aliyoanza kuamini.

Siku ya wakulima ilifika. Wageni wakaona, mkuu wangu akauliza, nikasema chumvi, akaandika chumvi. Siku tatu baadaye kikundi kilikaa kikao uani kwa Bi Hadija kuamua vipande vya msimu unaofuata. Tulikula wali na mchuzi wa samaki wa nazi, na baada ya kula Bi Hadija, bila ukali, akasema ingefaa Somoe apumzike mwaka mmoja, watu wana hofu. Somoe alikuwa ameketi karibu na mlango, anaangalia vidole vya miguu yake. Hapo kitu kilinisukuma, nikasimama. Nikasema, "Jamani, mwacheni Somoe. Mbegu nilizichezea mimi. Nilizikamua chumbani kwangu, nikawadanganya zimetoka Arusha." Kisha mwanamke mmoja akasema, "Mngoni huyo, hata akiiba lazima ajisifu," na uani kote wakaangua kicheko. Wakaniambia babu yangu naye alichezea mbegu ndiyo maana nikazaliwa hivi. Walidhani namfariji Somoe kwa utani, wakanipenda zaidi. Ningeweza kusema, sifanyi utani, nileteeni Msahafu, nileteeni Biblia. Nilicheka. Nilicheka pamoja nao, nikaketi, na nilihisi nafuu mwilini, kwamba nimesema na sijasikika. Kwa miaka mingi nilijidanganya kuwa siku ile nilikiri. Somoe hakucheka. Alinitazama kwa shukrani.

Hakupewa kipande. Mwaka uliofuata alihamia mjini, nikasikia anauza ming'oko Chikongola. Mimi nilipata uhamisho wa Masasi na barua nzuri ya mkuu wangu. Nimefundisha wakulima wangapi tangu hapo kuhusu mbegu za chotara, kwa nini hazirudiwi, na kila nilipofika kwenye ile robo isiyoiva nilikuwa nasema, "Kuna mama mmoja bondeni liliwahi kumpata." Liliwahi kumpata, nasema, kama vile lilianguka tu kutoka mbinguni.

Kwa siku nne tangu aje kwangu sikuweza kula vizuri. Leo mchana nikaenda anakoishi, chumba cha uani nyuma ya nyumba ya mdogo wake Chikongola. Nilimkuta anapanga nguo za safari kwenye sanduku. Alifurahi, akaniwekea ugali na samaki kabla sijaketi. Nikamwomba asubiri, nikamwambia. Nilianza na nyanya za dirishani, nikaenda mpaka bahasha, mpaka mraba, mpaka asubuhi ya vitambaa. Nilimweleza maagizo mawili na ile robo kwa maneno niliyoyaandika hapo juu, na aliyaelewa mara moja, alikuwa anaitikia kwa kichwa kabla sijamaliza sentensi. Kisha akaacha kuitikia.

"Ulijua kabla sijakuuliza," alisema.

"Nilijua."

"Siku ile ya vitambaa."

"Ndiyo, dada."

Alifunga sanduku, akaketi juu yake. "Niliposwa mara mbili," alisema. "Wa kwanza alikuwa fundi, mtu mzuri sana. Nilikataa. Nilisema mimi niliyeshindwa kumkalia mume miezi minne, wa pili nitampa heshima gani. Watu walisema naringa." Akanyoosha mkunjo wa kanga magotini. "Kila Alhamisi nasoma dua ya kumwomba marehemu anisamehe. Kila Alhamisi, Bibi Shamba. Mpaka wiki iliyopita."

Nikasema nisamehe. Lilikuwa neno dogo mno hata mimi nililisikia. Samaki alikuwa amepoa kati yetu na nzi mmoja ametua kwenye ugali, Somoe akamfukuza kwa mkono bila kumtazama.

"Ile radhi uliyonipa Jumanne," alisema, "ichukue. Sina kazi nayo."

"Nimeichukua."

"Na mimi nilikuja kwako kuomba, sikuja nimejiandaa kutoa. Sasa hivi siwezi. Sitasema uongo, naenda mahali ambapo mtu haendi na uongo."

Msikiti wa jirani ukaadhini alasiri. Akainuka, akaenda kutawadha, akatandika mswala upande wa pili wa chumba na kuswali, nami nikakaa pale mkekani nisijue kama nimefukuzwa. Nilifikiri niondoke kimyakimya, na nilijua kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoizoea, kwa hiyo nikakaa. Aliswali taratibu. Alipomaliza alikaa juu ya mswala muda mrefu, mgongo ukinielekea.

"Bado upo?" akauliza bila kugeuka.

"Nipo."

"Bi Hadija bado mzima. Haoni vizuri, ila masikio anayo. Na wengine saba wa kikundi wapo kule kule." Akaanza kukunja mswala, pembe kwa pembe. "Mimi naondoka Alhamisi. Kesho asubuhi twende wote bondeni. Utasema wewe. Mimi nitakaa mbele yao, waniangalie usoni wakati unasema."